Akina Obadia Kumi na Watatu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, jioni ya siku ya pili ya mkutano wetu)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme machache jioni ya leo, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote, mradi lisiwe siasa wala habari za mpira. Nilishukuru, kwa sababu tangu mkutano wetu uliopita nina deni la maneno, na mdai wangu ni mwanafunzi wa shule hii. Yumo humu ukumbini. Sitamnyoshea kidole, asije akaona haya.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ile niliposhuka katika basi pale chini, kijana huyu alinipokea mzigo, akaniamkia "Shikamoo babu," tukapanda kilima pamoja. Nikamwuliza jina lake. Akalitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama kosa. Anaitwa Obadia, kama mimi. Nikafurahi, nikamwambia, "Kumbe wewe ni somo yangu!" Yeye hakufurahi. Alitembea hatua kadhaa, kisha akaniuliza, "Babu, ni kweli jina letu maana yake ni mtumwa?" Wenzake bwenini walikuwa wamelitafuta mahali wakalipata, na tangu siku hiyo wakawa wanamtuma maji na kumwambia kwamba ndiyo kazi ya jina lake.

Nami, mtu mzima mwenye mvi, nilimjibu vibaya. Nilisema, "Mwulize mchungaji," nikaanza habari za mvua. Swali lile lilikuwa limenigusa mahali ambapo nilidhani pamekwisha pona. Kwa hiyo haya ninayoyasema usiku huu ni jibu lake, nalo limechelewa.

Mimi nilipokuwa hapa sikuitwa mtumwa. Niliitwa Sura Moja. Naona wale wa wakati wangu mnacheka, maana mnakumbuka. Mwalimu wetu wa maarifa ya Biblia alitwambia siku moja kwamba kitabu cha nabii Obadia ndicho kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale, sura moja tu yenye aya 21; nami nilikuwa mfupi kuliko wote katika kidato cha kwanza. Jina halikuhitaji akili nyingi kubuniwa. Na kwa kuwa Kiswahili kina hila zake, wapo waliosema kwamba nimeitwa hivyo kwa sababu nina sura moja tu, nikicheka na nikilia ni ile ile. Nilivumilia miaka minne. Kusema kweli, nililipenda jina hilo la utani, kwa sababu lilinifichia jina lenyewe.

Haya, tulitazame jina lenyewe. Limeundwa kwa vipande viwili. Kipande cha mwisho, yaani ya, au yahu katika maandishi marefu, ni ufupisho wa jina la Mungu wa Israeli. Ni kipande kile kile kilichomo mwishoni mwa Isaya, Yeremia, Zakaria na Nehemia. Kipande cha kwanza kinatoka katika mzizi wa herufi tatu, na mzizi huo nyote mnaujua hata kama hamjapata kuona herufi moja ya Kiebrania. Kiarabu kinao vile vile, nacho kimetupa sisi maneno kuabudu na ibada. Kila darasa la shule hii limekuwa na Abdallah wake, mara nyingine watatu. Abdallah na Obadia ni majina ya ukoo mmoja. Hata Biblia inaye Abdeeli, baba yake Shelemia, katika kitabu cha Yeremia sura ya 36, ambaye ukimfasiri kipande kwa kipande utapata maana ile ile ya Abdallah.

Mzizi huo katika Kiebrania hubeba mizigo mitatu kwa kichwa kimoja: kufanya kazi, kutumikia na kuabudu. Mtu alimaye shamba, mtu aliye mali ya mtu mwingine, waziri wa mfalme, mtu aendaye hekaluni, wote huelezwa kwa mzizi huo. Ebed ni mtumwa, na ebed ni mtumishi. Kwa hiyo wale wa bwenini hawakusema uongo, nami sitakubali mtu awaambie kwamba walisema uongo. Na tusiwastaajabie Waebrania, maana sisi wenyewe tumefanya jambo la kufanana na hilo. Chukueni neno kutuma. Aliyetumwa na Mungu ni mtume. Aendaye kazini kwa mshahara ni mtumishi. Aliyenunuliwa ni mtumwa. Maneno matatu, mama yao mmoja. Lakini mtu wa pwani hatakubali kamwe kuwa ni kitu kimoja.

Kinacholipa neno ebed uzito wake ni jina linalofuata nyuma yake. Danieli alikuwa na rafiki jina lake Azaria, maana yake Bwana amesaidia. Walipofika Babeli wakuu wa kule walimbandika jina Abednego, na wataalamu husema hilo nego ni Nebo, mungu wa Babeli, herufi yake moja ikiwa imegeuzwa. Mtu ni yule yule. Kilichobadilishwa ni bwana wake. Huko huko Biblia ina Mkushi aliyemtoa Yeremia shimoni kwa kamba na matambara, naye anatajwa kwa jina la Ebedmeleki, yaani mtumishi wa mfalme, kana kwamba hakuwa na jina jingine. Na mtumishi wa mfalme angeweza kuwa mtu mkubwa sana. Mwaka 1904 wachimbaji wa Kijerumani pale Megido walipata muhuri wa jiwe wenye picha nzuri ya simba anayenguruma, na maandishi yanayosema kwamba ni mali ya Shema, ebed wa Yeroboamu. Muhuri wenyewe ulipotea baadaye, ikabaki nakala ya shaba. Lakini mtu mwenye muhuri wa simba hakuwa mchota maji.

Ningeweza kuishia hapo, nikamwambia kijana wetu kwamba jina lake lina maana ya waziri, tukaenda kulala. Lakini hilo lisingekuwa jibu la haki, na sababu yake sijapata kuisema katika shule hii.

Jina hili sikupewa kwa ajili ya nabii. Nililirithi kwa babu yangu mzaa baba, kama ilivyo desturi kwetu. Na babu hakuzaliwa akiitwa Obadia. Alichukuliwa bara akiwa mtoto mdogo, asikumbuke hata mto wa kwao, akauzwa. Soko la Unguja lilikuwa limekwisha fungwa mwaka 1873, lakini biashara ya magendo iliendelea baharini. Jahazi alimokuwamo lilikamatwa, naye akalelewa katika kimojawapo cha vijiji ambavyo misheni zilivianzisha kwa watu waliookolewa, kama vile Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875 na Masasi mwaka 1876. Jina alilopewa na mama yake alikuwa amelisahau. Fikirini jambo hilo: mtoto aliyekwisha kuwa mtumwa kwelikweli, siyo kwa utani wa bwenini, anapewa jina ambalo ndani yake mna neno mtumwa.

Baba alinisimulia kwamba siku ya kuandikwa kwa ubatizo babu alielezwa maana ya jina. Akauliza swali moja tu: "Huyo bwana mpya, huuza watu?" Akaambiwa hauzi. "Basi," akasema, "andika."

Nilipokuwa hapa shuleni sikuthubutu kumwambia mtu habari hiyo. Palikuwa na vijana ambao wazee wao walikuwa upande wa pili wa biashara ile, na palikuwa na wengine waliodhani kwamba mtu asiye na kwao hana maana. Nikaona afadhali Sura Moja. Na ndiyo sababu mwaka juzi, pale kilimani, nilianza habari za mvua.

Nilipokuwa mtu mzima nilirudi kwa akina Obadia wa Biblia, nikitaka kujua babu aliingizwa katika kundi gani. Wapo kumi na watatu ukiwahesabu mmoja mmoja, ingawa wengine huwaunganisha wawili wakapata kumi na wawili. Kati yao ni mmoja tu mwenye hadithi ya kusimulika, nami nitakaa kwake kidogo.

Huyu yumo katika Wafalme wa Kwanza sura ya 18. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Ahabu na mkewe Yezebeli mnawajua. Yezebeli alipoanza kuwaua manabii, Obadia aliwachukua manabii mia moja, akawaficha hamsini hamsini katika mapango, akawalisha mkate na maji. Wakati huo nchi ilikuwa katika ukame mkubwa. Tunapomkuta, mfalme amemwita wagawane nchi, mmoja aende upande huu na mwingine upande ule, watafute majani ya farasi na nyumbu wasife. Msione kwamba ni hekaya. Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, alichora katika jiwe habari za vita vya mwaka 853 kabla ya Kristo, na humo anamtaja Ahabu wa Israeli kuwa alileta magari ya vita 2,000. Jiwe hilo liko katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Hata tukimpunguzia Shalmanesa majivuno yake, hayo ni maelfu ya farasi. Ndiyo maana mfalme alitoka mwenyewe kutafuta majani, ilhali habari za chakula cha raia hazitajwi.

Mimi maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa bohari, kwa hiyo nisameheni nikisoma habari hii kwa macho ya bohari. Wahubiri hupita haraka hapo penye mkate na maji. Tusipite. Tuseme kila mtu alipata mikate miwili midogo kwa siku, na lita mbili tu za maji. Hiyo ni mikate 200 na lita 200, yaani madebe kumi ya lita 20, kila siku ya Mungu, na kila siku huko kwenye mapango mawili. Kwa mwezi mmoja ni mikate 6,000. Unga huo ulisagwa na nani? Tanuri lilikuwa la nani, na moshi wake uliambiwa nini? Nani alibeba madebe kumi katika nchi ambayo mfalme mwenyewe anatembea akitafuta chemchemi, bila mtu kumwuliza mnapeleka wapi? Mikate 200 haitoki mahali popote bila kuonekana na mpishi, mbebaji, mlinzi wa lango na mke wa mlinzi wa lango. Kwa hiyo Obadia hakuwa peke yake. Palikuwa na watu wengi walioona wakanyamaza, na majina yao hayakuandikwa hata katika orodha.

Marabi wa kale waliuliza kwa nini aliwagawa hamsini hamsini. Mmoja akasema alijifunza kwa Yakobo, ambaye aligawa msafara wake makundi mawili ili moja likipigwa jingine liokoke. Mwingine akasema ni kwa sababu pango lilitosha watu hamsini tu. Mimi kama mtu wa bohari ninamuunga mkono huyu wa pili, lakini wote wawili walikuwa wenye akili.

Basi, njiani Obadia anakutana na Eliya, ambaye mfalme amemtafuta katika kila taifa na ufalme. Eliya anamwambia aende amwambie bwana wake kwamba Eliya yuko hapa. Obadia anaogopa, na haoni haya kuogopa. Anasema kwa maneno mengi kwamba akienda kusema hivyo, halafu Eliya atoweke kama ilivyo desturi yake, kichwa kitakachoondoka ni cha Obadia. Anamkumbusha habari za wale mia moja. Eliya anaapa kwamba hatatoweka. Obadia anakwenda, anasema, na tangu hapo hatajwi tena.

Wapo watu wasiompenda Obadia huyu. Husema, mcha Mungu gani anayekaa katika nyumba ya Ahabu, akila mshahara wa Ahabu? Kwa nini hakusimama hadharani kama Eliya? Nimelisikia hilo mimbarani si mara moja. Mimi najibu kwamba kama angesimama hadharani, kesho yake wangekufa watu mia moja na mmoja. Lakini sitamfanya malaika. Mtu akaaye katika nyumba ya Ahabu hutia saini mambo mengi ambayo si mikate. Nimewahi kuwa chini ya mkubwa ambaye maagizo yake yalinikosesha usingizi, na baadhi yake niliyatekeleza. Ninajua kwamba kuficha jambo jema moja hakufuti karatasi nyingine zote. Obadia naye alijua, nadhani; ndiyo maana Eliya alipomtuma kwa Ahabu swali lake la kwanza lilikuwa amekosa nini.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona baada ya kulisoma mara nyingi. Eliya aliambiwa habari za wale mia moja kwa kinywa cha Obadia mwenyewe. Halafu katika sura hiyo hiyo, mlimani Karmeli, anawaambia watu kwamba amebaki nabii peke yake. Na katika sura inayofuata, akiwa amekimbilia mlima Horebu, anamlalamikia Mungu mara mbili kwamba amesalia yeye tu. Mungu anamjibu kwamba wapo 7,000 ambao hawakupiga magoti. Wale mia moja walikuwa wamekwisha msahaulika kabla ya jua kuchwa! Sisemi hivi ili kumdharau Eliya, alikuwa na mambo mengi. Lakini nasema nabii mkubwa alisahau, na aliyekuwa akikanda unga hakuweza kusahau, kwa sababu kesho yake walihitaji kula tena.

Sasa tufungue Wafalme wa Pili sura ya 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha. Mumewe amekufa akimcha Bwana, ameacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Biblia haimtaji mume kwa jina. Lakini Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, anasimulia kuwa watu walisema mume huyo ni Obadia wetu, na kwamba deni lilikuwa la fedha alizokopa ili awalishe wale mia moja. Mapokeo ni mapokeo, sitawaapia. Ila mimi nilipoyasoma niliamini mara moja kwa sababu ya bohari. Mtu mwaminifu wa stoo huogopa kugusa leja ya bwana wake hata kama bwana ni mbaya. Hukopa.

Na katika Kiebrania ile aya ya kwanza ya sura hiyo inatumia neno ebed mara tatu. Mumewe alikuwa ebed wa Elisha, anasema mjane, na ebed huyo alimcha Bwana; na sasa watoto wanachukuliwa wawe ebed. Kama mapokeo ni kweli, basi watoto wa mtu aliyeitwa Mtumwa wa Bwana walikuwa karibu kuwa watumwa wa mkopeshaji, kwa deni la mikate ya manabii. Neno ni lile lile, na kati ya maana yake moja na nyingine palikuwa na chupa moja ya mafuta. Mjane aliambiwa azime vyombo kwa majirani, vyombo vitupu, wala si vichache. Akauza mafuta, akalipa, watoto wakabaki nyumbani. Baba alikuwa akiipenda sana sura hii na hakusema kwa nini. Sasa ninajua.

Wengine kumi na mmoja, tukimwacha nabii kwanza, nitawapitia kwa haraka, maana Biblia yenyewe haikuwapa nafasi. Mmoja alikuwa wa kabila la Isakari, na pale aya inasema jumla yao ni watano huku wana waliotajwa ni wanne. Walimu wa hesabu wamtie baba ndani ndipo itimie. Mmoja alikuwa wa uzao wa Sauli, mwana wa tano kati ya sita wa Aseli. Mmoja yumo katika ukoo wa Daudi, katika aya iliyochanganyika hata wafasiri hukuna vichwa. Mmoja alikuwa Mlawi ambaye Nehemia anamwita Abda, yaani hata jina lake lilifupishwa. Mmoja alikuwa wa Gadi, wa pili kati ya wakuu kumi na mmoja waliomfuata Daudi alipokuwa mafichoni. Watu hao walivuka Yordani katika mwezi wa kwanza, mto ukiwa umefurika hata kingo zake.

Wapo wawili ninaowapenda zaidi. Wa kwanza alitumwa na mfalme Yehoshafati, katika mwaka wa tatu wa kutawala kwake, pamoja na wakuu wengine wanne, Walawi tisa na makuhani wawili, wazunguke katika miji ya Yuda na kitabu cha torati mkononi wakiwafundisha watu. Watu kumi na sita na kitabu. Walimu mlio hapa mnaijua safari ya namna hiyo. Wa pili alikuwa Mlawi wa Merari, msimamizi wa mafundi waliotengeneza hekalu katika mwaka wa 18 wa mfalme Yosia. Habari hiyo katika Wafalme wa Pili inasema kwamba mafundi hawakudaiwa hesabu ya fedha kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Mhazini wetu anatikisa kichwa, lakini imeandikwa. Katika matengenezo hayo ndipo kuhani Hilkia alipokiona kitabu cha sheria. Obadia alikuwa pale kati ya mbao na mawe, na hakuna aliyeandika alifanya nini siku ile. Nadhani aliwaambia mafundi waendelee.

Mwingine alirudi kutoka Babeli pamoja na Ezra, safari ya miezi minne, bila askari, kwa sababu Ezra aliona haya kumwomba mfalme walinzi. Obadia huyu, mwana wa Yehieli, aliongoza wanaume 218, kundi la pili kwa ukubwa katika msafara ule. Mwingine alikuwa kuhani aliyetia muhuri agano la Nehemia. Mwingine alikuwa bawabu, alinda ghala za malango.

Na nabii? Yeye mwenyewe hana baba, hana mji, hana mfalme wa zamani zake; ana jina tu na aya 21. Lakini aya hizo ni kali. Anawashtaki Waedomu, wana wa Esau, ndugu wa Israeli, kwa jambo walilofanya siku Yerusalemu ilipotekwa. Kosa la kwanza analolitaja ni kwamba walisimama kando. Baadaye wakafurahi, wakapora, mwishowe wakasimama penye njia panda wawakamate wale waliokimbia na kuwatia mikononi mwa adui. Kijana niliposoma aya hiyo nilimwona babu, na watu waliosimama penye njia panda za bara. Marabi husema nabii huyu ndiye yule msimamizi wa Ahabu, tena kwamba alikuwa Mwedomu aliyeongoka, na kwamba alifaa kumshtaki Esau kwa kuwa yeye alikaa kati ya waovu wawili asiige matendo yao, ilhali Esau alikaa kati ya wema wawili, baba yake na mama yake, asijifunze kitu. Kwa hesabu ya miaka haiwezekani, ikiwa Yerusalemu inayosemwa ni ile iliyoanguka mwaka 586 kabla ya Kristo. Hata hivyo sikuweza kuicheka. Walikuwa wamelisoma jina moja wakakataa kuamini kwamba ni watu wawili.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Nimalizie na kitu nilicholeta mkobani.

Hii ni Biblia ya babu. Ni ya zamani, ya kabla ya ile ya Muungano ya mwaka 1952, na jalada nimelishona mara mbili. Babu alijifunza kusoma akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, na kazi yake misheni ilikuwa kulinda ghala na kupiga kengele. Kila mahali alipomkuta Obadia alitia alama ya kalamu ya risasi pembeni. Nilizihesabu. Kwa yule msimamizi wa Ahabu alama ni ndogo tu, kama nyingine. Kwa bawabu wa ghala katika Nehemia sura ya 12 alipiga mistari miwili.

Alama zote ni kumi na mbili. Kwa miaka mingi nilidhani babu alikuwa katika hesabu ya wale wanaounganisha wawili. Sivyo. Mmoja alimpita. Yumo katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 27, katika orodha ya wakuu wa makabila; na kwa Zabuloni anatajwa Ishmaya, mwana wa Obadia. Obadia mwenyewe hasemwi kuwa alifanya lolote, ametajwa kwa ajili ya mwanawe tu, ndiyo maana jicho la babu likapita.

Kesho asubuhi, kabla ya mabasi kuondoka, nitakuwa pale barazani mwa maktaba. Somo yangu akipenda aje, nina kalamu ya risasi, naye atie alama ya kumi na tatu.